Mti wa kwinini: dawa kwenye gamba, ugonjwa kwenye mizizi

Wengi wetu tumetoka Kivu, na wazee tunaoishi nao kambini bado wanaukumbuka mti wa kwinini kwa gamba lake chungu. Tunauona kama wa kwetu, kumbe asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini.

Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walitoa kwinini ndani ya gamba hilo. Zimo pia kwinidini, sinkonini na sinkonidini. Kwinini ndiyo ikatafutwa zaidi, maana wakoloni walitaka kukaa Afrika na Asia bila kufa na malaria.

Mwaka 1865 Manuel Incra Mamani, Mwaimara wa Bolivia, alimpatia mfanyabiashara Mwingereza, Charles Ledger, mbegu za miti yenye kwinini nyingi kupita kawaida. Waholanzi wakazinunua, wakapanda Java, wakashika soko la dunia. Mti ukaitwa ledgeriana. Mamani, aliyeujua msitu, alikuja kukamatwa kwa ajili ya mbegu, akapigwa vibaya, akafa. Hakuna mti ulioitwa kwa jina lake.

Sasa, ledgeriana ni tajiri ila dhaifu. Udongo ukituamisha maji, kimelea kiitwacho fitoftora kinaozesha mizizi na shina. Majani yananyauka, mti unakufa umesimama. Java walipata ujanja: juu ledgeriana, chini shina la sukirubra, ndugu yake mwenye kwinini kidogo lakini mizizi ya nguvu.

Mwaka 1942 Japani ikaiteka Java. Waliokuwa wakipigana nayo wakakosa kwinini, ndipo mashamba ya Kivu yakawa na thamani kubwa. Baadaye Bukavu ikawa na kiwanda chake cha kwinini.

Na huku kambini? Jamani, bado kuna watu wanachemsha magamba. Shida ni kwamba kila mti una kiasi chake cha kwinini, na sufuria haipimi. Ikizidi, masikio yanavuma, macho yanafifia, moyo unakwenda ovyo. Ikipungua, vimelea vinabaki. Kliniki siku hizi wanaanza na dawa mseto zenye artemisinini, na malaria kali wanachoma sindano ya atesuneti. Kwinini imebaki akiba. Wahudumu, msiwagombeze wazee wetu, waulizeni tu wamekunywa nini. Na wewe uliyekwisha kunywa, mwambie nesi ni gamba gani na ulikunywa saa ngapi, kabla hajakupa dawa nyingine.