Dramu, diski na maji ya bahari: breki ya kwadi ilivyofika hapa

Leo tuache kompyuta kidogo. Rafiki yangu mmoja anakodisha kwadi (zile pikipiki za magurudumu manne) kwa wageni kule Diani. Ana moja ya zamani yenye dramu mbele, na kila ikipita majini breki inapotea kwa muda. Fundi amemwambia atoe dramu aweke diski. Akaniuliza mimi, eti kwa kuwa napenda kujua vitu vilianzia wapi: kwa nini hawakuweka diski tangu mwanzo?

Swali zuri, maana diski si uvumbuzi wa juzi. Mwingereza Frederick Lanchester alipata hataza yake mwaka 1902, na mwaka huohuo Mfaransa Louis Renault alikuwa akitengeneza breki ya dramu. Ni kama walianza mbio siku moja. Shida ya Lanchester ilikuwa kile kinachobana diski. Alitumia shaba, na chuma kikisuguana na shaba hupiga yowe la kumfukuza mteja. Isitoshe, barabara zilikuwa za vumbi na diski iko wazi, kwa hiyo ililika upesi. Dramu imefunikwa kama sufuria, vumbi linabaki nje. Kwa barabara za wakati ule dramu ilishinda kihalali kabisa.

Kelele ilikuja kutulizwa na Herbert Frood, mwenye kampuni ya Ferodo (chezea herufi za jina lake utaliona), aliyeleta bitana za asbesto. Zilifanya kazi vizuri mno, na tumekuja kujua baadaye kwamba vumbi la asbesto huleta saratani. Kwa hiyo ukifungua dramu ya zamani usiipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Lowesha, futa, tupa kitambaa. Mafundi wetu wengi wa jua kali huwa wanapuliza, na hilo linaniudhi.

Dramu ina ujanja mwingine ambao watu husahau. Ile breki shuu ya mbele, ikigusa dramu inayozunguka, huvutwa na mzunguko wenyewe na kujikaza zaidi. Unabonyeza kidogo, inashika sana. Kabla ya breki za oili kuenea hiyo ilikuwa zawadi kubwa, na hata baada ya Duesenberg kutoa gari lenye breki za oili magurudumu yote manne mwaka 1921, dramu iliendelea kutawala. (Mfumo ule wa oili ulitoka kwa Malcolm Loughead, ndugu wa familia ya ndege za Lockheed.)

Kilichoiangusha dramu ni joto. Ikipata moto hupanuka na kukimbia shuu zake, nawe unafuata kwa mguu hadi pedali inagonga sakafu. Diski ikipata moto hunenepa kuelekea kwenye pedi, na upepo unaipoza. Dunlop walikuwa wameshatengeneza diski za ndege, wakazileta kwenye gari la mbio la Jaguar aina ya C. Mwaka 1952 Stirling Moss alishinda nalo Reims. Mwaka 1953 Tony Rolt na Duncan Hamilton walishinda saa 24 za Le Mans kwa wastani wa takriban kilomita 170 kwa saa, mara ya kwanza wastani wa mbio zile kuvuka maili 100 kwa saa. Mwaka 1955 Citroën DS ikaja na diski mbele, na mwaka 1969 Honda CB750 ikaleta diski ya oili kwenye pikipiki ya kuuzwa kwa wingi.

Sasa kwadi. Honda walianza na magurudumu matatu mwaka 1970, Suzuki wakatoa QuadRunner LT125 ya manne mwaka 1982. Zile za matatu zilipinduka na kuua watu, wengi wao watoto, hadi mwaka 1988 watengenezaji wakakubaliana na serikali ya Marekani kuacha kuziuza mpya. Mwaka huohuo ikaja Honda FourTrax 300, kwadi ya shamba, iliyouzwa hadi mwaka 2000. Mbele ina dramu za oili, zimezibwa kwa raba zisiingie tope. Kwadi ya shamba haikimbii, joto si tatizo lake, na tope ni lile vumbi la Lanchester limerudi. Mantiki ileile.

Ila raba huchoka. Maji yakishaingia hayatoki: sufuria iliyozuia vumbi sasa inahifadhi maji. Yakiwa ya chumvi, zile silinda ndogo za kusukuma shuu huota kutu na kukwama, mara nyingi upande mmoja tu, halafu kwadi inavuta kushoto ukifunga breki. Mgeni ambaye hajawahi kuendesha hataelewa kinachomvuta. Diski huyatupa maji ikizunguka. Ndiyo maana fundi wa Diani hakukosea.

Nilichomwambia rafiki yangu ni kwamba diski si kifaa cha kubadilisha peke yake. Diski haijikazi, kwa hiyo inahitaji presha zaidi, na pistoni ya kalipa kwa kawaida inataka oili nyingi kuliko silinda ya dramu. Masta silinda ya zamani ikiwa ndogo, mkono wa breki utafika kwenye usukani kabla kwadi haijasimama. Halafu masta silinda nyingi za dramu zina vali ndogo ndani inayobakiza presha kidogo kwenye paipu ili raba zisilegee. Kwenye diski presha hiyo hubana pedi muda wote hadi oili inachemka. Sisi waandika programu tunamjua mdudu wa aina hii: mstari mmoja wa zamani, hakuna anayekumbuka kazi yake, mpaka uhamishe mfumo.

Kwa hiyo masta silinda ibadilike pamoja na kalipa, pande zote mbili siku moja, na kalipa ipimwe ndani ya rimu kabla ya kununua, maana rimu za kwadi ni ndogo. Kisha hewa itolewe, na majaribio yafanywe mchangani taratibu: diski nzuri mbele ikifunga ghafla kwenye mteremko unaoteleza, usukani haugeuzi kitu.

Honda wenyewe walipotoa Rancher 420 mwaka 2007, waliweka diski mbili mbele. Nyuma wakaacha dramu iliyozibwa.