Mwalimu Aliyeyabana Maji

Kila mwaka nawapa wanafunzi wangu wa fizikia bomba la sindano lililojaa maji. Wanaziba mdomo wake kwa kidole gumba, wanasukuma hadi kucha zinakuwa nyeupe. "Mwalimu, hayabanwi!"

Florence, karne ya 17, walisema vivyo hivyo. Wanazuoni wa Accademia del Cimento walijaza maji kwenye tufe la fedha, wakaligonga kwa nyundo, na maji yakachuruzika kupitia fedha yenyewe kama jasho.

Aliyewapinga alikuwa mwalimu wa shule mjini London, John Canton. Nampenda sana mtu huyu. Mwaka 1762 alichukua mrija mwembamba wa kioo wenye tufe mwishoni, akatia maji yasiyo na hewa, akauziba kwa moto bila hewa ndani. Alipoivunja ncha, hewa iliingia ikayakandamiza, na maji yakashuka. Kidogo mno: kama sehemu 46 kwa milioni.

Tena akaona ajabu: maji baridi hubanika zaidi kuliko ya vuguvugu, kinyume cha vimiminika vingi. Leo tunajua kwamba molekuli za maji hushikana kwa vifungo vya haidrojeni na kuacha nafasi wazi, hasa zikiwa baridi. Shinikizo huvipinda vifungo hivyo, huzisukuma molekuli za mbali kidogo ziingie kwenye nafasi hizo, na mtetemo kati ya oksijeni na haidrojeni hubadilika. Leza huuonyesha. Canton alikuwa na alama tu alizochora kwenye kioo.