Ufunguo wa CRB Yako Uko kwa Nani?

Leo tunaacha PHP na Linux pembeni kidogo. Nataka tuzungumzie hifadhidata moja ambayo karibu kila mtu hapa Katito anaijua kwa jina ingawa hajawahi kuiona kwa macho: CRB. Ukisimama njia panda ya Kendu Bay, pale wanabodaboda wanapongoja abiria, hutasikia mtu akiuliza CRB ni nini. Wanachouliza ni hiki: "Nikishalipa, jina langu linatoka lini?"

Jibu lake liko kwenye historia, na ili tuione vizuri nitaanzia mbali.

Kule Marekani kuna utaratibu wa kufungia ripoti ya mkopo. Wewe mwenyewe unaiambia kampuni inayotunza rekodi zako isimwonyeshe mkopeshaji mpya faili lako. Mwizi aliyepata namba zako akienda kukopa kwa jina lako, mkopeshaji hana cha kusoma, kwa hiyo kwa kawaida anakataa. Siku ukitaka mkopo mwenyewe, unafungua. Jimbo la California lilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2001. Halafu Septemba 2017 kampuni ya Equifax ikatangaza kwamba imedukuliwa, na data za watu wapatao milioni 147 zimechotwa. Watu walikuja juu! Tangu tarehe 21 Septemba 2018 sheria ya nchi nzima inasema kufunga na kufungua ni bure, na ukiomba kwa simu au mtandaoni ni lazima wafungue ndani ya saa 1.

Kwa mwanaprogramu hiyo ni safu moja tu kwenye jedwali: imefungwa, ndiyo au hapana. Kazi iko kwenye ruhusa, yaani nani anaweza kuibadilisha safu hiyo. Kule ni mwenye jina.

Kwetu Kenya mambo yalianza na shida nyingine kabisa. Benki zilikuwa zikianguka (Trust Bank mwaka 1998, Euro Bank mwaka 2003) na mikopo mibaya ilikuwa donda ndugu. Mtu mzito angekopa benki hii, asilipe, kisha avuke barabara akakope ile nyingine, na benki ya pili isijue lolote. Ndipo zikaja kanuni za CRB za mwaka 2008, zilizoanza kutumika Februari 2009. Benki Kuu ikatoa leseni ya kwanza mwaka 2010 kwa CRB Africa, ambayo baadaye ikawa TransUnion. Metropol ikafuata mwaka 2011, na Creditinfo mwaka 2015.

Sasa angalia muundo wa data. Mwanzoni benki zilipeleka taarifa mbaya tu. Aliyelipa mikopo 10 bila kuchelewa alifanana kabisa na mtu ambaye hajawahi kukopa hata shilingi, maana wote wawili hawakuwemo. Jedwali lilikuwa la makosa matupu! Kanuni za 2013, zilizochapishwa kwenye gazeti la serikali Januari 2014, ndizo zilizoruhusu taarifa nzuri nazo ziingie. Lakini kufikia hapo watu walikuwa wameshazoea kwamba "kuwekwa CRB" ni adhabu, na neno hilo halijabadilika maana hadi leo.

Wakati huohuo simu nayo ilikuwa imebadilika. Novemba 2012 Safaricom na Commercial Bank of Africa walizindua M-Shwari, na mtu akaweza kukopa kuanzia shilingi 100 akiwa amelala kitandani. Zikafuata programu nyingine za mikopo, nyingi tu. Mtambo uliotengenezwa kumnasa tajiri anayehama benki ukaanza kumnasa anayenunua mafuta ya pikipiki. Utafiti wa MSC wa mwaka 2019 ulikuta Wakenya milioni 2.2 walikuwa na mikopo ya kidijitali isiyolipwa iliyochukuliwa kati ya 2016 na 2018, na karibu nusu yao walidaiwa chini ya dola 10. Na cheti cha CRB, kile ambacho vijana wengi huambiwa wakilete wanapotafuta kazi, kilikuwa kikilipiwa shilingi 2,200. Yaani unadaiwa 500, unalipa 500 yako, kisha unatafuta 2,200 za kuthibitisha kwamba umelipa. Nani aliyekaa chini akaona hesabu hiyo ni sawa?

Kuanzia hapo kila aliyefungua kufuli alifungulia juu. Aprili 2020 Benki Kuu iliwanyima wakopeshaji wa simu wasiosimamiwa nayo ruhusa ya kupeleka majina CRB, ikakataza kuorodhesha deni lisilofika shilingi 1,000, na ikafanya cheti cha mara ya kwanza kuwa bure. Oktoba 2021 Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kwamba mikopo ya chini ya shilingi milioni 5 isiorodheshwe kwa miezi 12. Novemba 2022 ukaja mpango wa kusafisha rekodi: mikopo ya simu ya benki yenye muda wa siku 30 au chini, ambayo haikuwa ikilipwa kufikia mwisho wa Oktoba, ipunguzwe angalau nusu, na kinachobaki kilipwe kufikia Mei 2023. Wahusika walikuwa kama milioni 4.2, na deni lote shilingi bilioni 30, ambayo ni asilimia 0.8 tu ya mikopo yote ya benki.

Sipingi hata moja kati ya hizo. Lakini zote ni msimamizi wa mfumo kuingia kwenye seva na kubadilisha mamilioni ya mistari kwa mpigo. Mwenye jina bado hana nywila. Namba ya kitambulisho, ambayo ndiyo ufunguo wa jedwali lote, tumekuwa tukiiandika kwenye vitabu vya mawakala wa M-Pesa na kwa walinzi wa mageti, wazi kabisa, kila anayefuata kwenye foleni akiisoma. Tukipata ile safu ya "imefungwa" mkononi mwetu, anayenakili namba yako leo hatakopea nayo kesho. Kuiandikia programu si kazi ya kutisha hata kidogo.

Turudi kwenye lile swali la jina kutoka lini. Ukilipa, CRB haijui. Anayejua ni mkopeshaji, na ni yeye anayepaswa kutuma taarifa mpya. Ikishafika, hali yako inabadilika kutoka hujalipa kuwa umelipa. Alama ya kwamba uliwahi kuchelewa inaweza kubaki hadi miaka 5, kwa hiyo "kutoka" na "kufutika" ni vitu viwili, usikubali mtu akuuzie cha pili kwa bei ya cha kwanza. Matapeli wa "tunafuta CRB" wanaishi kwenye mwanya huo.

Cha kufanya ni hiki. Hifadhi ujumbe wa M-Pesa wa malipo, na umwombe mkopeshaji barua ya kumaliza deni. Una haki ya kuarifiwa kabla ya jina lako kupelekwa, na ya ripoti 1 ya bure kila mwaka kutoka kila kampuni. Zichukue zote tatu, maana taarifa inaweza kurekebishwa kwa mmoja na kubaki vilevile kwa mwingine. Ukikuta kosa, lalamika kwa maandishi kwa CRB yenyewe, wao ndio watakaomuuliza mkopeshaji. Wakikuzungusha, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kusahihishiwa taarifa zako, na malalamiko yanapokelewa na ofisi ya Kamishna wa Data. Itaje sheria hiyo kwa jina kwenye barua yako.