NGOME YA UDONGO
Sehemu ya Nne: Mfuko wa Hariri

ILIPOISHIA: Juni 1900, huko Mount Abu, mji wa milimani ambako wakubwa wa Rajputana walikimbilia kila joto lilipozidi, Maharaja Ram Singh wa Bharatpur alimuua mtumishi wake wa ndani. Habari zikamfikia Lord Curzon, aliyeitawala India kwa niaba ya Malkia Victoria. Nyumbani Bharatpur, mkewe Girraj Kaur alibaki na mtoto mchanga, akisubiri. SASA ENDELEA...

Mvua za Agosti zilikuwa zimelijaza handaki la Lohagarh, ngome ya Bharatpur. Ndani ya kasri, yaya alikuwa akimpepea mtoto wa miezi kumi, mara munshi kijana, karani wa kasri, akaingia mbiombio, viatu mkononi.

“Mama, Rani Sahiba yuko wapi?”

“Yuko kwenye sala. Mbona unahema hivyo, mwanangu?”

“Ajenti wa Waingereza yuko langoni. Kavaa sare yake ya sherehe.”

“Na mkononi kashika nini?”

Munshi akameza mate. “Kharita.”

Pepeo likamponyoka yaya. Barua ya kawaida ingeletwa na tarishi. Kharita ilikuja ndani ya mfuko wa hariri uliotariziwa kwa nyuzi za dhahabu, na ilikuwa barua rasmi kati ya watawala.

Waingereza hawakuingia Lohagarh kwa hariri tangu mwanzo. Mwaka 1805 Jenerali Lake aliishambulia ngome hii mara nne. Makombora yake yalizama katika kuta nene za udongo bila kuzibomoa, na zaidi ya askari wake 3,000 waliuawa au kujeruhiwa. Wajati, jamii ya watawala wa Bharatpur, wakatembea vifua mbele India nzima. Lakini Januari 1826 alikuja Lord Combermere na mafundi wa kuchimba. Wakapenya chini ya ukuta, wakashindilia baruti, na asubuhi moja ukuta ukapaa.

Tangu hapo aliyekalia kiti cha Bharatpur alikikalia kwa ridhaa ya mgeni. Maharaja Jaswant Singh alilijua hilo, akaenda nao kwa hadhari miaka arobaini. Mwanawe Ram Singh, aliyerithi mwaka 1893, hakuwa na subira hiyo. Pombe ilimtawala kabla yeye hajaitawala nchi. Haikutimia miaka miwili Waingereza wakamletea Diwani, yaani waziri mkuu, wa kushika shughuli za dola. Akaachiwa jina, vilemba, na mizinga 17 ya heshima kila alipopokewa rasmi. Mtu aliyepokonywa kila amri akabaki na wanyonge wa chumbani mwake tu wa kuwaamrisha.

Mmoja wao ndiye aliyekufa Abu.

Yaya alikuwa akimfikiria marehemu huyo kila usiku. Majuma yote haya kasri lilikuwa likilia kwa ajili ya kiti cha enzi. Yeye hakumsikia mtu akiuliza kama marehemu aliacha watoto.

“Unadhani watamwonea Maharaja?” munshi alinong’ona.

“Aliyeua ameua, mwanangu. Mimi ninachojiuliza ni hiki: wakishamwondoa baba, mtoto watamwachia nani?”

Munshi hakujibu. Nje, viatu vyenye visigino vya chuma vilikuwa vinapanda ngazi.

Girraj Kaur alitoka kwenye sala na kuketi nyuma ya pazia, kama ilivyokuwa desturi ya wanawake wa kifalme. Alinyoosha mikono, yaya akamkabidhi mtoto. Upande wa pili Ajenti aliinama, akakata lakiri, akampa munshi karatasi aisome.

Sauti ya kijana ilitetemeka. Ram Singh ameondolewa madarakani. Hatarudi kutawala Bharatpur. Nyuma ya pazia hakuna aliyekohoa. Akaendelea: kiti kinakwenda kwa mwanawe, Kishan Singh, ambaye kuanzia sasa ndiye Maharaja. Mtoto, asiyejua kwamba amepewa nchi, alikuwa akitafuna bangili ya mama yake.

Yaya alishusha pumzi. Ukoo umesalimika! Ila munshi hakuwa amemaliza. Mpaka mtoto atakapokua, shughuli zote za dola zitakuwa chini ya uangalizi wa Ajenti: hazina, kodi ya mashamba, askari. Yaya akapiga hesabu kichwani. Hadi mvulana huyu aote ndevu, Waingereza watakuwa wameshazoea kuishika Bharatpur, na Bharatpur itakuwa imeshazoea kushikwa.

Munshi akageuza ukurasa. Macho yake yakakimbia mstari mmoja, yakarudi, yakausoma tena.

“Soma,” Ajenti alisema.

“Sahib... hapa panahusu malezi ya Maharaja.”

“Ndiyo. Soma.”

Munshi alifungua kinywa, sauti isitoke. Ajenti akamnyang’anya karatasi, akalikaribia pazia hatua mbili, mahali ambapo mwanamume wa nje hakanyagi. Yaya aliona bangili za bibi yake zikimbana mtoto kifuani.

Kisha kidole chenye glavu nyeupe kikashika ukingo wa pazia.

ITAENDELEA...

Je, Girraj Kaur atamtoa mwanawe mikononi? Na munshi alisoma nini kilichomkausha ulimi? Usikose Jumamosi ijayo.