Fisi maji si fisi: mjue mnyama wa kinamasi na majirani zake

Jina limemponza. Wengi wakisikia "fisi maji" humdhania ni fisi, mla mizoga, na hamu ya kumjua ikaishia hapo. Huyu si ndugu wa fisi. Ukoo wake ni mmoja na nyegere na kicheche. Ana manyoya mazito na mkia mnene, na ni hodari wa kupiga mbizi, ila hupumua hewa kama sisi.

Kenya ina aina mbili. Wa kwanza ni mkubwa, na vidole vyake vya mbele havina kucha. Kwa vidole hivyo hupapasa matopeni na chini ya mawe akitafuta kaa, chakula chake kikuu. Wa pili ni mdogo, mwenye madoa shingoni. Huyu huwinda samaki kwa macho, kwa hivyo anataka maji maangavu. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limewaweka wote wawili katika kundi la wanyama wanaokaribia kuwa hatarini.

Mfano mzuri ni Mbuga ya Kitaifa ya Saiwa, karibu na Kitale. Ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, swara wa kinamasi, na fisi maji wamo humo pia. Ni mbuga ndogo mno, takriban kilomita 3 za mraba, na mgeni huizunguka kwa miguu. Nje yake ni mashamba ya watu.

Hapo ndipo penye kazi. Mpaka wa mbuga hauzuii maji. Mkulima akilima hadi ukingoni, mvua hushusha udongo na mbolea mtoni. Maji yakiwa matope, yule anayewinda kwa macho hulala njaa, na mwanakijiji wa chini huteka matope hayo hayo.

Mvuvi naye ana lake. Fisi maji huiba samaki wavuni na kuuchana wavu. Mara nyingine hunaswa humo, akashindwa kupanda juu kuvuta pumzi, akafa. Hasara ni ya pande zote mbili. Sikubaliani na wanaomwambia mvuvi avumilie tu. Wavu ni pesa, na mkono mtupu haulambwi.

Nayasema haya kwa sababu nasi Pwani tuna amana kama hiyo. Delta ya Mto Tana, hekta 163,600, iliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2012. Wapokomo wanalima na kuvua humo, Waorma wanalisha mifugo. Maoni yangu ni kwamba hati pekee hailindi kinamasi. Wenyeji wakae katika kikao kinachoamua wapi palimwe, wapi pavuliwe na wapi paachwe na matete yake, na mapato ya wageni yawafikie. Wakinufaika nacho, watakuwa wa kwanza kukilinda.