Mtende wa Harusi Ndani ya Disneyland

Niliahidi kwamba nikirudi safari nitaandika, na wengi wenu mmeshaniuliza nilivaa nini na picha ziko wapi. Picha zitakuja, In shaa Allah. Leo nataka kukuhadithieni habari ya mti mmoja, lakini kuufikia huo mti itabidi tutembee kidogo, maana na mimi nilitembea mpaka miguu ikavimba.

Wifi yangu anakaa California, na ndiye aliyenipeleka Disneyland, katika mji wa Anaheim. Nilidhani tutapanda vile vyombo vya kuzunguka na kupiga makelele kama watu wote. Kumbe yeye alikuwa amelipia ziara ya historia. Mnapewa kifaa cha kusikilizia cha kutia sikioni, mtembezaji anatangulia mbele, na nyinyi mnamfuata asubuhi nzima huku akieleza nani alijenga nini na kwa nini. Watoto wa wifi walinuna, na kusema kweli na mimi nilinuna kidogo. Nimetoka Unguja kote kule, nisafiri mpaka Marekani, nije nisomeshwe kama niko skuli?

Basi nilinuna mpaka tulipofika kwenye habari ya Lillian.

Walt Disney mnamjua, mwenye katuni za Mickey Mouse. Mkewe hatumjui. Lillian Bounds alizaliwa Idaho mwaka 1899, akaenda Los Angeles kwa dada yake, akapata kazi katika studio ndogo ya Walt ya kupaka wino na rangi kwenye picha za katuni. Hiyo ilikuwa kazi ya wasichana. Wanaume walichora, wasichana walipaka. Walioana tarehe 13 Julai 1925 huko Idaho, wakati bwana hana hata jina. Wakapata binti wawili, Diane na Sharon.

Walt alikuwa na kawaida ya kuwapeleka mabinti kwenye bustani ya Griffith Park siku za Jumamosi, wakapanda farasi wa mbao wanaozunguka, naye akakaa kwenye benchi anakula njugu. Mwenyewe alisimulia kuwa ni hapo alipofikiri: mbona hakuna pahala ambapo mzee na mtoto watafurahi pamoja, badala ya mmoja kupanda na mwengine kungoja? Sisi tulioshinda Kariakoo siku za Sikukuu, tumeshika viatu na pochi za watoto, hilo tunalielewa bila ya kuelezwa.

Lillian hakulipenda wazo hilo. Viwanja vya michezo vya zama zile vilikuwa vichafu, vya wahuni na ulevi, akamuuliza mumewe anataka kujiingiza huko kwa sababu gani. Na wasiwasi wake haukuwa wa uchafu tu. Kaka yake Walt, Roy, ndiye aliyeshika pesa za kampuni na hakuwa tayari kuzimwaga, kwa hiyo Walt akakopa kwa dhamana ya bima yake ya maisha na akauza nyumba yao ya mapumziko ya Palm Springs. Nilipolisikia hilo nilisimama. Msichana mmoja aliniandikia mwaka jana, harusi haijatimia hata mwezi, mume ashamuomba dhahabu za mahari akafungulie duka. Mimi nilimjibu haraka haraka, sijui kama nilimjibu vizuri. Pale kwenye njia ya Disneyland nilimkumbuka. Historia huandikwa baada ya duka kushika. Lillian aliishi miaka ile kabla hajajua kama litashika.

Pesa kubwa zilitoka kwenye televisheni. Shirika la ABC lilitoa dola 500,000 na kudhamini mikopo ya dola milioni 4.5, na Walt akakubali kuwafanyia kipindi cha kila wiki. Wakanunua eka 160 za mashamba ya michungwa, wakaanza kujenga Julai 1954, na mwaka mmoja baadaye wakafungua. Mwaka mmoja! Gharama ikafika dola milioni 17.

Sasa sikilizeni, mabibi harusi. Siku nne kabla ya kufunguliwa, tarehe 13 Julai 1955, ndoa ya Walt na Lillian ilitimiza miaka 30. Wakaalika watu kiasi ya 300 humo humo ndani ya uwanja, rangi bado mbichi. Mwanzo wa shughuli ulikuwa ni kupanda meli ya mvuke iitwayo Mark Twain, ambayo ilikuwa haijawahi kuchukua abiria. Joe Fowler, jemadari mstaafu wa jeshi la majini aliyesimamia ujenzi, alikwenda mapema kuikagua. Akamkuta Lillian yuko hapo. Sitaha imejaa vumbi na takataka za mafundi. Bibi mwenye shughuli, siku ya shughuli yake, akachukua ufagio akaanza kufagia, na jemadari akafagia naye.

Wifi alinitazama akacheka, kwa sababu siku ya walima wangu mama yangu aliingia jikoni na nguo zake za shughuli, akatoka na harufu ya vitunguu kwenye mtandio wa hariri. Wanawake ni wamoja.

Usiku ule Diane ndiye aliyeendesha gari kumrejesha baba yake. Alisimulia kwamba Walt alikuwa nyuma, amekunja ramani ya Disneyland kama tarumbeta anapuliza kwa mdomo, halafu kukawa kimya. Alipogeuka akamkuta amelala, ramani imo mikononi.

Siku ya ufunguzi yenyewe, 17 Julai, sitaieleza sana maana ni maarufu. Tiketi za kughushi zilizagaa, wakaingia watu wapatao 28,000, na wengi wao hawakualikwa. Mafundi bomba walikuwa wamegoma, muda haukutosha kumaliza vyoo na mabomba ya kunywea maji yote mawili, Walt akachagua vyoo. Joto lilikuwa karibu nyuzi 38. Lami ilimwagwa usiku wa kuamkia siku ile na ilikuwa haijakauka, visigino vya viatu vya wanawake vikawa vinazama na kunasa njiani. Na yote hayo yanaoneshwa moja kwa moja kwenye televisheni nchi nzima. Kila nikimuona bibi harusi anahangaika kwa sababu maua yamechelewa, namkumbushia visigino hivyo.

Kando ya lango kuna kituo cha zimamoto, na juu yake kuna vyumba vidogo walivyokuwa wakikaa Walt na Lillian walipokuja kulala. Dirishani kuna taa. Alipokuwa hai, taa ikiwaka wafanyakazi walijua kuwa mwenyewe yupo. Alifariki Disemba 1966, na taa wanaiacha ikiwaka mpaka leo. Lillian aliishi miaka 31 zaidi, akafariki Disemba 1997, siku moja tu baada ya tarehe aliyofariki mumewe. Nilisimama chini ya dirisha lile nikawaza mambo ya eda na ujane, ya mwanamke ambaye nyumba yake inapigwa picha na watu kila siku naye bado yuko hai. Mtembezaji alikuwa keshatuacha, wifi akanivuta mkono.

Kuna mwanamke mwengine nataka mumjue, Harriet Burns. Ndiye mwanamke wa kwanza aliyeajiriwa kwenye kikosi cha wabunifu na mafundi waliobuni Disneyland, mwaka 1955. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vielelezo vidogo vya majengo kabla ya kujengwa yenyewe. Alitumia misumeno na mashine za seremala pamoja na wanaume, na alikwenda kazini amevaa gauni, viatu vya kisigino na glavu, kila kitu rangi moja, na suruali ameitia pembeni akihitaji kupanda juu. Walipotengeneza ndege wa bandia wanaoimba, kwa ajili ya ukumbi uliofunguliwa mwaka 1963, manyoya ya kifuani yalikuwa yanafanya mapengo kila ndege "anapopumua". Wakashindwa. Siku moja kwenye mkutano Harriet akalitazama sweta la Walt, la sufi laini ya kashmiri, jinsi kiwiko kilivyokuwa kinajikunja bila ya nguo kuharibika. Akawatengenezea ndege vifua vya kashmiri. Wahandisi wote wale, jibu likatoka kwa mtu anayejua nguo! Jina lake sasa limeandikwa kwenye moja ya madirisha ya barabara kuu, na hapo ndipo wanapowekwa wenye heshima.

Kisha tukafika msituni. Hapa nilikuwa na shughuli na moyo wangu.

Safari ya mashua ya Jungle Cruise ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Walt alitaka wanyama wa kweli, akaambiwa mchana watalala au watajificha, ndiyo maana viboko na tembo ni wa mashine. Sehemu ya fikra ilitoka kwenye filamu ya The African Queen ya mwaka 1951, iliyopigwa Kongo na Uganda. Na kampuni hiyo hiyo ilikuwa imewatuma mke na mume, Alfred na Elma Milotte, wakakaa Afrika zaidi ya miaka miwili, Kenya na Tanganyika zikiwemo, kupiga filamu ya simba iliyotoka mwaka huo huo wa 1955. Kwa hiyo msitu ule wa California una mizizi kwetu. Mashua zake zina majina ya Kongo, Nile na Zambezi.

Lakini watu waliowekwa ndani ya msitu huo hawakutoka kwetu, wala kwa mtu yeyote. Kwa miaka zaidi ya 60 wageni walipitishwa mbele ya masanamu ya "wenyeji" wenye mikuki, na mmoja mwenye kuuza vichwa vya watu vilivyokaushwa. Kampuni ilitangaza mwezi wa Januari 2021 kwamba itayaondoa, na yakaondolewa. Mimi nilipanda baada ya hapo, kwa hiyo sikuyaona, nikacheka na viboko kama wengine. Hata hivyo nilikuwa nimekaa karibu na mwanamke mzungu wa umri wa mama yangu, akaniambia kwa upole kwamba alipokuwa mdogo hicho ndicho alichokijua kuhusu Afrika. Kisha akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia. Akasema sasa ana mtu wa kumfikiria. Sikujua nijibu nini, nikampa peremende ya tangawizi iliyobakia kwenye mkoba.

Na karibu na hapo, kati ya miti mingi, upo mtende.

Ni mtende wa aina ya visiwa vya Canary, shina nene, majani yamefunguka juu kama mwavuli. Ulipandwa mwaka 1896. Ulikuwa ni zawadi ya harusi. Ardhi ilipouzwa, familia ya Dominguez, iliyokuwa na eka 10 za michungwa hapo na ambayo mti ulikuwa kwao, iliomba jambo moja, kwamba mtende usikatwe. Ulipokuwa umesimama pakapangwa pawe maegesho ya magari. Kampuni ikaung'oa mzima na mizizi yake, tani nyingi, ikauhamishia ndani ya bustani, ikaupanda hapo ulipo. Kijana wa familia hiyo, Ron Dominguez, aliyezaliwa kwenye shamba lile, akaajiriwa kukata tiketi langoni siku chache kabla ya ufunguzi. Akapanda cheo mpaka akawa mmoja wa wakubwa wa Disneyland, akastaafu mwaka 1994. Karibu miaka 40 alikuwa akienda kazini kwenye uwanja wa nyumba yao.

Bibi yangu alikuwa na kiwanja Ng'ambo na mnazi uani, ambao chini yake kilizikwa kitovu cha mama yangu. Kiwanja kiliuzwa nikiwa darasa la nne. Aliyenunua hakufanya kosa lolote, alilipa pesa yake akajenga. Ila katika mazungumzo yote yale ya bei, mashahidi na karatasi, hapakuwa na hata mmoja kati yetu aliyefungua mdomo kuhusu mnazi. Bibi alikuwepo kikaoni, ameshika kanga mdomoni. Tulidhani amechoka.

Ziara ilipomalizika, adhuhuri ilikuwa imeingia. Tukatafuta pembe tulivu, wifi akatandika mtandio wake mkubwa, tukasali kwa zamu huku mwengine akiwashika watoto. Halafu nikarudi peke yangu kwenye mtende nikampigia mama. Kwetu ilikuwa inakaribia saa tano za usiku, akapokea kwa hofu akidhani kuna msiba. Nikamhadithia mti, harusi, mwaka 1896, jinsi walivyouhamisha.

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama unazaa tende.

Nilikuwa nimesimama chini yake dakika 10 nzima nikitazama shina. Ikabidi nimwambie asubiri, nikainua kichwa.