Neno "Mbegu" na Mazao Yasiyopandwa kwa Punje
Muhogo, ambao asili yake ni Amerika ya Kusini, uliletwa Afrika na Wareno katika karne ya 16. Leo hulimwa pia Tarime na Serengeti. Mkulima atafutaye "mbegu ya muhogo" hatafuti punje, bali vipande vya shina, yaani pingili. Mbegu ya viazi vitamu ni marando. Ya viazi mviringo ni kiazi chenyewe. Kahawa ya Tarime huoteshwa kitaluni kwa punje, kisha huhamishwa ikiwa miche. Neno moja limebeba yote hayo. Mfasiri aandikapo "panda mbegu" pasipo kufafanua, msomaji mgeni aweza kufukia mzizi wa muhogo, nao utaoza, na msimu utapotea. Yafaa nyaraka za kilimo zitaje bayana kipandwacho.